Ukipigwa kalamu: chako kidai, chake kirudishe

Siku ya kupigwa kalamu huwa fupi. Mtu huitwa ofisini, husomewa barua, huambiwa apitie kwa mhasibu, na kufikia adhuhuri ashasimama kituo cha matatu na mfuko wake mkononi. Kumalizana na tajiri ndiko huchukua miezi. Pesa za likizo hazikuhesabiwa, cheti cha kazi hakikutolewa, NSSF ina mapengo, mkopo wa benki unaendelea kudai, na ufunguo wa stoo bado umo mfukoni.

Sisi wa Pwani mambo haya tumeyazoea kuliko tunavyopenda. Mwaka 2018 reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena, kazi za malori na za maghala ya mizigo zilipungua. Mwaka 2020 corona ilifunga hoteli kuanzia Diani hadi Watamu. Na hata bila misukosuko mikubwa kama hiyo, kila msimu wa watalii ukiisha kuna watu wanaorudishwa nyumbani.

Wengi hawapotezi haki zao kwa sababu sheria imewatupa. Wanazipoteza kwa haraka na kwa haya. Haraka ni ya kutia sahihi ili mkono upate pesa. Haya ni ile ya kuona vibaya kumuuliza tajiri, ukasema basi, Mungu atalipa. Mungu hulipa, lakini pia ametuamrisha tuandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Makala haya yanapanga hatua moja baada ya nyingine, za kudai chako na za kurudisha cha mwenyewe.

Jua umeondokaje

Jambo la kwanza ni kujua jina la kilichokupata, kwa sababu malipo hufuata jina hilo. Kufutwa kwa kosa ni jambo moja, mkataba kufika mwisho wake ni jingine, na kujiuzulu ni jingine. Kupunguzwa kazi ni pale tajiri anaposema kazi yenyewe haipo tena au watu wamezidi, nawe huna kosa. Kinachoondolewa hapo ni nafasi, si wewe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, imeweka masharti ya kupunguza wafanyakazi. Tajiri anatakiwa kumwarifu afisa wa leba wa eneo hilo mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi ya watakaoguswa. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, chama chako nacho kiarifiwe. Kama si mwanachama, uarifiwe wewe mwenyewe kwa maandishi. Kuchagua nani aondoke kufuate muda aliokaa mtu kazini, ujuzi wake, uwezo na uaminifu. Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa ndege, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba sababu iwe ya kweli na utaratibu uwe wa haki, pamoja na kushauriana na wahusika kabla uamuzi haujafungwa.

Kuna mtego mmoja ambao umewaponza wengi. Tajiri anakwambia kwa upole, andika barua ya kujiuzulu ili mambo yawe mepesi na jina lako libaki safi. Usiandike. Aliyejiuzulu hana malipo ya kupunguzwa kazi, na barua uliyoiandika kwa mkono wako mwenyewe ni ngumu kuikana mbele ya hakimu. Kama kazi imeisha, aliyeimaliza ndiye aandike.

Na wewe unayeitwa kibarua usijitoe mapema. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haimaliziki chini ya miezi 3, huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Wapo waliolipwa kila Jumamosi kwa miaka wakidhani hawana haki yoyote. Kama hamkuandikiana mkataba, jua pia kwamba kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ni jukumu la tajiri. Kesi ikifika mahakamani naye hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti hayo unamwangukia yeye.

Piga hesabu mwenyewe

Kabla ya kwenda kwa mhasibu, kaa na kalamu. Aliyepunguzwa kazi anadai, kwa uchache, mambo manne:

1. Mshahara wa siku alizofanya kazi mwezi huo, pamoja na ovataimu au marupurupu yaliyobaki.
2. Notisi isiyopungua mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake. Kama mkataba unasema miezi 2 au 3, mkataba ndio unaofuatwa.
3. Siku za likizo ambazo hakuzichukua, kwa pesa taslimu. Likizo ya mwaka ni siku za kazi 21 kwa uchache.
4. Malipo ya kupunguzwa kazi, yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa ghala la makontena Changamwe analipwa Sh30,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka 7 na miezi 8, ameondolewa tarehe 20 bila notisi, na ana siku 14 za likizo. Siku 20 za mwezi ni Sh20,000. Badala ya notisi ni Sh30,000. Likizo, kwa kugawanya mshahara kwa siku 30, ni Sh14,000. Malipo ya kupunguzwa ni Sh15,000 mara miaka 7, yaani Sh105,000. Ile miezi 8 haihesabiwi kwa sababu mwaka haukutimia, ila kama mkataba umesema vingine. Jumla ni Sh169,000 kabla ya kodi.

Zipo hesabu zinazogawanya mshahara kwa 26, ambazo ni siku za kazi za mwezi kwa anayepumzika siku moja kwa wiki. Kwa karani wetu, malipo ya kupunguzwa peke yake yangepanda hadi kama Sh121,000. Angalia mkataba wako au makubaliano ya chama na mwajiri yanasemaje. Usiingie ofisini kujadiliana na hali hujui hata tofauti hiyo.

Msichanganye malipo haya na yale ambayo watu kazini huyaita sevisi. Sevisi ni ya anayeondoka kwa notisi ya kawaida, na aliye katika NSSF au katika mpango wa pensheni au kiinua mgongo hana haki nayo kisheria. Malipo ya kupunguzwa kazi hayana sharti hilo. Mhasibu akikwambia hulipwi kwa kuwa ulikuwa ukikatwa NSSF, mjibu kwa adabu kwamba hayo ni mambo mawili.

Tajiri anaweza kukata anachokudai kihalali, kama mkopo wa kazini au pesa zilizopotea mikononi mwako. Lakini sheria inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Na kila kato liandikwe lilikuwa la nini. Kato lisilo na jina lipinge.

Karatasi ya mwisho

Mwisho wa yote utaletewa fomu inayosema umepokea kiasi fulani na kwamba huna dai lingine lolote juu ya kampuni, sasa wala baadaye. Hii ndiyo karatasi nzito kuliko zote utakazotia sahihi katika ajira yako, na mara nyingi ndiyo inayosomwa kwa haraka zaidi.

Mahakama ya Rufaa imezungumza juu yake zaidi ya mara moja. Mwaka 2013, katika kesi ya Thomas De La Rue, ilisema fomu kama hiyo peke yake haimwondolei mwajiri wajibu wake wa kisheria, wala haizuii mahakama kuangalia kama mtu aliondolewa kwa haki. Kinachotazamwa ni kama mfanyakazi alitia sahihi kwa hiari yake, akijua yote aliyopaswa kujua. Mwaka 2018 ikaja kesi ya Coastal Bottlers ya hapa hapa Mombasa. Mfanyakazi alikuwa ametia sahihi makubaliano ya malipo, kisha akashtaki. Mahakama ya Rufaa iliona makubaliano yale yalikuwa ya hiari na yamemfunga. Dai lake likaanguka.

Kwa hivyo usimsikilize anayekwambia tia tu sahihi, ukipata wakili utaivunja. Huenda ikavunjika, na huenda isivunjike. Fanya hivi:

Omba nakala ukaisome nyumbani hata kwa siku moja. Tajiri mwenye nia safi hatakunyima siku moja. Usitie sahihi karatasi yenye nafasi tupu. Usitie sahihi ya kupokea kabla pesa hazijaingia kwenye akaunti au kwenye simu. Hundi ya mwezi ujao si malipo. Kama unahitaji pesa hizo leo nawe hukubaliani na hesabu, andika juu ya sahihi yako maneno mafupi: nimepokea Sh kadhaa, sijakubali kwamba ndiyo haki yangu yote. Wakikataa uandike hivyo, hilo nalo ni jibu, nawe lizingatie kabla ya kushika kalamu. Na ukishatia sahihi, piga picha kila ukurasa kabla haujatoka mkononi mwako.

Karatasi za kuondoka nazo

Cheti cha kazi ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi. Kinaandikwa jina na anwani ya mwajiri, jina lako, ulianza lini, kazi yako ilikuwa nini na wapi, na umemaliza lini. Haki hii haitegemei kama mmeachana kwa wema. Mwajiri anayekataa kwa makusudi anafanya kosa linaloweza kumpeleka faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miezi 6. Lakini fahamu mpaka wake: sheria haimlazimishi akusifu. Barua ya kukusifia ni hisani yake, na hisani huombwa kwa lugha nzuri, tena mapema, kabla meneja anayekujua naye hajaondoka.

Pamoja na cheti, ondoka na barua ya kupunguzwa kazi yenye tarehe na sababu, karatasi za mshahara za mwaka mmoja angalau, nakala ya mkataba, na fomu ya P9 ya kodi. Kama karatasi hizi zimo katika barua pepe ya kampuni, zichukue zile zinazokuhusu wewe kabla hujafungiwa. Za wateja na za biashara ziache.

Ukishafungiwa, bado kuna mlango. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba kuona taarifa zako binafsi anazoziweka mwajiri. Andika barua, taja unachotaka. Na Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ahifadhi maelezo ya maandishi ya ajira yako kwa miaka 5 baada ya kazi kuisha, kwa hivyo jibu la kwamba faili lako limetupwa halitoshi.

NSSF, SHA na KRA

Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF au fika ofisini kwao, uombe taarifa ya michango. Linganisha mwezi kwa mwezi na karatasi zako za mshahara. Pesa iliyokatwa kwako ikakosa kufika NSSF ni kosa la tajiri, na uliye na karatasi ya mshahara una ushahidi. Lakini usitarajie kulipwa NSSF kwa sababu ya kuachishwa tu. Mafao ya uzeeni hutolewa ukifika miaka 60, au 50 kwa aliyestaafu mapema. Ukitaka kuendelea kuchanga kwa hiari unaweza. Kama kampuni ilikuwa na mpango wake wa pensheni, waandikie wadhamini wa mpango huo wenyewe, si meneja wako, wakueleze ni sehemu gani unaweza kuchukua sasa na ni ipi itakaa mpaka uzee.

Bima ya afya ndiyo inayosahauliwa mpaka mtoto augue usiku. Tangu Oktoba 2024 wafanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda SHA. Mshahara ukikoma, makato nayo yanakoma. Badilisha hali yako katika SHA uwe mtu asiye na ajira rasmi, ufanyiwe tathmini ya kipato, kisha ulipe mwenyewe. Wa kundi hili hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, kwa hivyo tenga fungu hilo katika malipo yako ya mwisho kabla halijaingia kwenye karo na madeni. Kama kampuni ilikuwa na bima yake ya binafsi, uliza inakoma tarehe ngapi.

Upande wa KRA, wajibu wa kuwasilisha ritani hauondoki na kazi. Mwisho ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, na kuchelewa ni faini ya Sh2,000 kwa uchache. Ila kuna faida hapa. Kodi hukatwa kila mwezi kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima. Aliyeachishwa katikati ya mwaka huenda alikatwa zaidi ya kodi yake halisi ya mwaka. Jaza ritani kwa kufuata P9, na ikionyesha umelipa zaidi, omba urudishiwe.

Mikopo na wadhamini

Kama mkopo wako wa benki au wa sako ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara, usingoje wakupigie. Nenda wewe ndani ya wiki ya kwanza, na barua ya kuachishwa mkononi. Uliza maswali mawili. La kwanza, je, bima ya mkopo huu inagusa kupunguzwa kazi? Baadhi ya mikopo ina bima kama hiyo, ambayo hulipa miezi kadhaa, na mteja alikatwa ada yake bila kujua. La pili, je, mnaweza kupunguza awamu na kurefusha muda? Benki humsikiliza zaidi anayekuja mwenyewe.

Wadhamini wako uwaambie siku hiyo hiyo. Mdhamini ni mwenzako wa kazini, pengine naye amepigwa kalamu, au ni binamu yako aliyekuamini. Asijue habari zako kwa kuona akiba yake imekatwa.

Vya tajiri virudi

Haki ina pande mbili. Ufunguo, sare, simu, kompyuta, kadi ya mafuta, pasi ya bandari na masurufu ambayo hujayatolea hesabu ni amana, na dhuluma uliyofanyiwa haigeuzi amana kuwa yako. Kuna na sababu ya kidunia. Tajiri anayetafuta kisingizio cha kuzuia malipo atakipata katika ufunguo mmoja.

Andika orodha ya kila ulichorudisha, na aliyepokea atie sahihi na tarehe. Wengi huiita fomu hiyo kliaransi. Kama kampuni haina, andika yako katika karatasi ya kawaida. Masurufu yarudishe na risiti zake, usiache meneja aseme ulikula.

Wanaofanya kazi za kliaringi wawe waangalifu zaidi. Kama jina lako na neno lako la siri vilikuwa vikitumika kuingiza mizigo katika mfumo wa forodha, omba kwa maandishi ufungiwe siku ile ile unayoondoka. Ingizo litakalofanywa mwezi ujao kwa jina lako litaulizwa kwako. Vivyo hivyo kwa aliyekuwa na sahihi ya benki ya kampuni, na kwa dereva ambaye kumbukumbu za lori zimo kwa jina lake. Jitoe pia katika makundi ya WhatsApp ya kazini baada ya kuaga vizuri. Kubaki mle ukisoma siri za ofisi hakukupi ila uchungu.

Simu za baada ya kuondoka

Wiki ya pili simu italia. Lile faili liko wapi? Mteja wa Kampala alikuwa akilipaje? Swali la dakika mbili lijibu, ni ihsani. Lakini ukiitwa uje ofisini siku nzima umfundishe mtu, hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Sema mapema, kwa upole: naja, siku yangu ni Sh kadhaa, nitumie ujumbe wa kukubali. Na kama malipo yako ya kwanza bado hayajatoka, yataje katika ujumbe huo huo.

Angalia pia jambo jingine. Ukisikia kwamba mtu mpya ameajiriwa katika kiti chako, kwa kazi ile ile, miezi michache baada ya kuambiwa kiti hakipo, weka kumbukumbu: tarehe, cheo, tangazo la kazi kama lilitolewa. Huo ni ushahidi kwamba nafasi haikuondolewa.

Tajiri akiwa ni mtu wetu

Huku kwetu tajiri mara nyingi si mgeni. Ni ami yako, ni jirani, ni mzee anayeswali safu moja nawe. Duka la vipuri, kampuni ya malori, hoteli ndogo, zote zina undugu ndani yake. Hapo ndipo haya inapomfunga mtu mdomo, na hapo ndipo chuki ya miaka inapozaliwa, kwa sababu asiyedai kwa mdomo hudai moyoni kila siku.

Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametufundisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Tajiri wetu analijua hilo kama tunavyolijua sisi. Kumkumbusha si utovu wa adabu. Mwendee faragha, ukiwa na hesabu yako iliyoandikwa, umwambie: Ami, naomba tuangalie hii pamoja. Kama hana pesa zote, kubalini awamu, muandike kiasi na tarehe, na mashahidi wawili watie sahihi. Mzee wa mtaa au imamu anaweza kukaa nanyi katika suluhu.

Lakini msipoteze muda mkipeleka dai la mshahara kwa Kadhi. Katiba, ibara ya 170, imeipa mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ajira haimo.

Akikataa kulipa

Anza na barua ya madai: orodha ya unachodai, kiasi, na siku unazompa, tuseme 14. Ipeleke kwa mkono na nakala yako ipigwe muhuri, au kwa barua pepe.

Asipojibu, nenda ofisi ya leba ya kaunti yako. Huduma yao hailipiwi. Aliyeondolewa isivyo haki anatakiwa kuwasilisha malalamiko yake huko ndani ya miezi 3. Afisa atawaita nyote na kujaribu kuwapatanisha, na wengi humalizana hapo. Mwanachama wa chama apitie kwa chama chake. Bandarini kuna Dock Workers Union, na mahotelini kuna KUDHEIHA, na ada uliyokatwa miaka yote ilikuwa ya siku kama hii.

Ikishindikana, kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo hukaa Mombasa na Malindi. Ambaye mshahara wake hauzidi Sh80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na mahakama ya hakimu. Ukithibitisha uliondolewa isivyo haki, mahakama inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, juu ya haki zako za kawaida. Asiye na uwezo wa wakili aulize Kituo Cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa.

Saa ya sheria haisimami. Dai la mkataba wa kazi lina miaka 3 tangu siku ya kuondolewa. Barua za kuahidiana, simu za "njoo wiki ijayo" na vikao vya suluhu haviisimamishi. Wapo waliozungushwa kwa maneno matamu mpaka mwaka wa nne, wakafika mahakamani na mlango umefungwa. Aliyeumia kazini asingoje kabisa: ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 inaweza kumpotezea mtu fidia yake, awe bado yuko kazini au ameshaondoka.

Kwa hivyo nunua faili la Sh50, uandike tarehe ya kuachishwa kwa wino mkubwa juu ya jalada, na chini yake uandike tarehe mbili: ya miezi 3 na ya miaka 3. Kila karatasi iliyotajwa hapa iingie mle. Weka mahali ambapo mkeo au mumeo anapajua, kwa sababu haki ya mtu hudaiwa hata na warithi wake.